Neno la leo: chura

Mswahili husema chura; Mmeru na Mwembu husema kiura. Ondoa kiambishi, mzizi ni uleule. Mvua ikinyesha Runyenjes, kule Embu, inama kando ya dimbwi: yai ni kitone cheusi ndani ya ute. Mwanzoni jeni za kiinitete kilichomo karibu zote huwa zimenyamaza. Kisha protini, nyingi akiba ya mama, hushika DNA na kuamua jeni ipi isomwe. Mwaka 1980 watafiti Marekani walichunguza jeni moja kama hizo, iitwayo 5S, ya Xenopus borealis, chura wa nyanda za juu za Kenya. Swichi yake, yaani sehemu ya DNA inayoiwasha, ambayo wengi wangeitafuta mbele ya jeni, waliikuta katikati, ndani kabisa. Huyu ni kiura wetu!