Visahani vya Elisabethville

Visahani vya Elisabethville ni vitu viwili vya kung'aa vilivyosemekana kuonekana juu ya migodi ya urani ya Katanga, Kongo ya Kibelgiji, katika eneo la Elisabethville (leo Lubumbashi). Habari zake zilichapishwa mwaka 1952. Zinajulikana leo kwa sababu zimo katika hati ya shirika la ujasusi la Marekani, CIA, ya tarehe 16 Agosti mwaka huo.

Habari yenyewe

Kwa mujibu wa hati hiyo, afisa aliyetajwa kama Kamanda Pierre, wa uwanja mdogo wa ndege wa Elisabethville, alirusha ndege ya kivita kuvifukuza visahani hivyo. Alikikaribia kimoja hadi umbali wa mita 120 hivi. Alikadiria kwamba kina kipenyo cha mita 12 hadi 15, rangi yake ikifanana na alumini. Sehemu ya katikati ilitulia kabisa, huku ukingo wake ukizunguka kwa kasi na kuwaka moto. Baada ya dakika 15 aliacha kuvifuata, kwa maana vyote viwili vilitoweka kwa mlio mkali kuelekea Ziwa Tanganyika, kwa kasi aliyoikadiria kuwa kilomita 1,500 kwa saa.

Ng'ambo ya ziwa hilo iko Ujiji, mwisho wa njia ya kale ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora. Katanga na Tabora zilifahamiana tangu zamani: Msiri, aliyetawala Garenganze kutoka Bunkeya hadi alipouawa mwaka 1891, alitoka Unyamwezini, akafanya biashara ya shaba na pembe za ndovu. Lakini habari ya visahani inaishia ziwani. Hati haitaji shahidi yeyote wa upande wa Tanganyika.

Thamani ya hati

Wengi huitaja kama uthibitisho kwamba CIA ilichunguza tukio hili. Sivyo. Ni tafsiri ya habari ya gazeti la Die Presse la Vienna, Austria, toleo la 29 Machi 1952. Wakati huo shirika lilikusanya na kutafsiri magazeti ya nchi nyingi, na muhuri wake haukumaanisha kwamba habari imehakikishwa. Gazeti linasema Pierre aliwaandikia wakubwa wake taarifa ndefu, lakini taarifa hiyo haimo katika hati.

Hata hivyo ni rahisi kuona kwa nini habari kama hiyo ilivuta macho. Mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Jadotville (leo Likasi), ulitoa sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Tena, Julai 1952 vitu visivyotambuliwa vilionekana kwenye rada za Washington, na magazeti yalijaa habari hizo.

Uchunguzi rasmi wa kijeshi ulifanywa na Jeshi la Anga la Marekani kupitia mradi wa Blue Book, ulioongozwa kwanza na Edward Ruppelt. Hadi ulipofungwa Desemba 1969 ulikuwa umeandikisha matukio 12,618, na 701 kati yake hayakupata maelezo. Januari 1953 CIA nayo iliita jopo la wanasayansi chini ya H. P. Robertson. Jopo liliona kwamba vitu hivyo havitishii usalama moja kwa moja; hatari waliyoihofia zaidi ni wingi wa taarifa za raia, ambao ungeweza kuziba njia za mawasiliano wakati wa shambulio la kweli.