Nyoka ndani ya nyumba: kukataza ao kutoa ruhusa?

Tukisikia kwamba kule Ulaya mutu anafuga chatu ndani ya chumba chake, sawa vile siye tunafuga kuku, tunacheka. Kwetu, nyoka akiingia mu nyumba ni fimbo tu. Lakini ulizo hili ni letu pia, kwa sababu chatu, vinyonga na kobe wengi wanaouzwa kule walikamatwa katika pori za Afrika.

Wengine watasema kufuga nyoka ni mambo ya Wazungu. Historia haisemi vile. Msiri, mufalme wa Bunkeya aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891, alitokea kwa Wasumbwa, mangaribi ya Tanzania ya leo. Majirani wa Wasumbwa, ndio Wasukuma, walikuwa na chama cha watu wa nyoka, jina lake Buyeye. Hans Cory aliandika habari zake mwaka 1946. Watu wa chama hicho walishika nyoka, hata wale wenye sumu, na kucheza nao ngoma mbele ya watu.

Lakini haikuwa kazi ya kila mutu. Aliyetaka kuingia alilipa, akafundishwa, akaonyeshwa dawa za chama. Leo waganga wa hospitali wanatuambia kwamba mutu aliyeumwa na nyoka mwenye sumu anahitaji serumu, na kumukata ngozi kunaweza kumuongezea hatari. Sawa. Siye hatutetei dawa. Tunatetea mupango: kwanza kujua, nyuma kushika. Na kijiji kilijua nyoka yuko kwa nani.

Inchi za leo zinatafuta mupango kama ule. Norvege ilikataza kufuga nyoka na jamaa zake tangu mwaka 1977. Watu wakafuga tu kwa kificho. Mwaka 2017 serikali ikaruhusu aina 19, bila nyoka wa sumu. Huko Florida, Marekani, mambo yalikwenda upande mwingine: chatu wa Asia waliofugwa nyumbani walitoroka ao waliachwa, wakazaana katika kinamasi cha Everglades na kupunguza sana wanyama wa pale. Mwaka 2012 serikali ya Marekani ikakataza kuingiza chatu hao. Kumbe kukataza kila kitu kunaleta kificho, na kuachilia kila kitu kunaleta hasara.

Na siye? Kongo iliingia katika mapatano ya CITES, yanayochunga biashara ya wanyama wa pori, mwaka 1976. Sheria ya kulinda viumbe ilitoka tarehe 11 Februari 2014. Makaratasi iko. Lakini tukumbuke kasuku wetu wa kijivu: kwa miaka mingi aliuzwa inje na karatasi ya ruhusa, na hesabu ya kila mwaka iliandikwa. Kasuku wakaendelea kupunguka katika pori, mupaka mukutano wa CITES wa mwaka 2016 ukafunga biashara hiyo. Karatasi peke yake haichungi munyama. Anayeuza karatasi anaweza kuuza pori nzima.

Kwa hiyo mawazo yetu ni haya: ruhusa itolewe, lakini ifwate njia ya wazee. Nyoka wa sumu abaki kwa watu wa masomo na hospitali. Munyama anayefugwa awe amezaliwa katika ufugo, asikamatwe porini. Anayeomba afundishwe na apimwe mbele ya kupewa karatasi, na majirani wajulishwe. Akiachilia nyoka, alipe. Na pahali ambapo serikali haina watu wa kufwata mambo hayo, mulango ubaki umefungwa kwanza.

Wazee hawakuandika sheria, lakini hawakumupatia mutoto nyoka kusudi acheze naye. Siye wenye kusoma, tusifanye chini ya pale.