Kamba ya Demani: Elimu ya Mabaharia Wetu

Wahenga walinena kwamba dau la mnyonge haliendi joshi. Methali hii ingali hai vinywani mwa watu, hata wale ambao hawajapata kukanyaga sitaha ya chombo. Lakini ukiwauliza joshi ni nini, wengi hunyamaza. Joshi ni upande utokao upepo, na kinyume chake ni demani, upande uendako upepo. Majina hayo mawili ni pia majina ya tanga na kamba zake, na katika makala haya tunakusudia kuieleza hiyo ya pili, kwa kuwa ndani yake imo elimu kubwa ya wazee wetu.

Tanga la jahazi hufungwa kwenye mti mrefu uitwao foromali. Foromali hutwekwa kwa henza, kamba nene ipitayo kichwani mwa mlingoti, nayo henza huvutwa kwa jarari. Pembe ya chini iliyo mbele ndiyo joshi. Wengine husema goshi. Pembe ya chini iliyo nyuma hushikwa kwa demani, na kwa kamba hiyo tanga hukazwa au hulegezwa kulingana na upepo. Majahazi makubwa yalikuwa na mlingoti wa pili huko nyuma, mdogo kuliko ule mkuu, uitwao galme, nao ulikuwa na tanga lake na demani yake.

Maneno haya ni ushahidi wa historia. Mabaharia wa Ghuba nao husema farman, daman na galmi. Pepo za kaskazi na kusi ziliwakutanisha watu wao na wetu kwa karne nyingi, wakabadilishana bidhaa, ufundi na lugha. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alifika Unguja na delta ya Rufiji akiwa ndani ya Bayan, chombo cha Kuwait chenye milingoti miwili, kilichokuja kupakia boriti za mikoko. Habari za safari hiyo alizieleza katika kitabu chake Sons of Sinbad, kilichotoka mwaka 1940.

Ugumu wa demani huonekana chombo kinapogeuzwa. Jahazi kubwa kwa kawaida halikugeuzwa kwa kupitisha omo katika upepo, maana tanga lingebanwa juu ya mlingoti na foromali ingeweza kuvunjika. Mabaharia walikisi tanga. Mshika usukani alikigeuza chombo mpaka upepo ukaja kutoka tezi. Demani ikaachiwa, tanga likapeperuka mbele kama bendera. Foromali ikasimamishwa wima karibu na mlingoti, na ncha yake ya chini ikavushwa upande wa pili. Hapo demani ikazungushwa kwa mbele, nje ya mlingoti na kamba zake zote, hata ikafika upande mpya na kuvutwa tena.

Katika muda huo mfupi roho za watu wote chomboni zilitegemea kamba moja. Demani ikinasa katika makucha ya nanga, au katika mzigo uliojitokeza, tanga hujaa upepo kabla ya wakati wake, na chombo huweza kulala ubavu. Ikimnasa baharia mguuni, humtupa baharini. Penye galme hatari huzidi, kwa kuwa demani zote mbili huvutwa kuelekea nyuma, na ncha ya moja ikiachwa juu ya nyingine, zote mbili hutatana.

Dawa ya hatari hiyo ilikuwa kutangulia kupanga. Kila demani iliwekwa mahali pake. Ilikunjwa duara juu ya duara, sehemu itakayotangulia kutoka ikawa juu, ili ikiachiwa iende bila kusita. Haikukazwa kwa fundo gumu. Ilifungwa tanzi la kufunguka kwa mvuto mmoja, hata usiku, hata kwa mikono iliyolowa. Kabla ya kukisi, njia ya kamba ilisafishwa toka tezi hadi omo.

Leo vyombo vingi vimetiwa mashine, na kamba za nailoni zimechukua nafasi ya zile za makumbi. Hatuoni haja ya kuyalaumu mabadiliko hayo. Mvuvi anayetaka kurudi nyumbani salama ana haki ya kutumia mashine. Linalotuhuzunisha ni jingine. Sisi watunga mashairi tumeyapanga maneno joshi na demani katika vina vyetu kwa uzuri wa sauti, na wengi wetu hatujapata kuishika kamba yenyewe. Kamusi nazo hutueleza kwamba demani ni kamba ya tanga. Namna ya kuikunja hazituelezi, wala si kazi yake.

Elimu hiyo imo mikononi mwa wazee wachache wa Nungwi, Mafia, Kilwa na kwingineko pwani. Maofisa wetu wa utamaduni hawana budi kuwaendea na daftari, na kamba pia, waombe kufundishwa fundo kwa fundo. Mzee akiondoka kabla hatujamwuliza, tutabaki na methali ambayo hatuwezi kuwafafanulia watoto wetu.