Betri na Jua katika Biashara ya Mubi

Mubi, mji mdogo wa Walikale katika Kivu ya Kaskazini, ulikua upesi baada ya wachimbaji wadogo kuanza kuchimba kasiteriti, yaani jiwe litoalo bati, huko Bisie mnamo mwaka 2002, na mzigo huo ukawa unasafirishwa hadi Goma kwa ndege zilizotua juu ya barabara ya lami ya Kilambo. Umeme wa shirika la taifa haukuufuata utajiri huo, hivyo wafanyabiashara walitegemea jenereta zilizokula mafuta ya bei ghali, na baadaye paneli za sola, ambazo simu za mkononi ziliziongezea wateja.

Betri ya risasi na asidi, ihifadhiyo umeme wa paneli hizo, ni kongwe kuliko paneli kwa takriban karne nzima. Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859, ilhali paneli ya kwanza yenye manufaa ilionyeshwa Marekani mwaka 1954. Miaka thelathini baadaye, nchini Kenya, mafundi waliifungia sola shule ya sekondari ya Karamugi mwaka 1984, wakati ambapo baadhi ya watu wa vijijini walikuwa wakibeba betri za magari hadi mjini kuzichajisha ili watazame televisheni.

Ugumu wa kuchaji betri kwa paneli umo katika volti. Paneli iitwayo ya volti 12 hutoa volti 17 hadi 18 jua linapokuwa kali, wakati betri ya aina hiyo haifai kusukumwa kupita volti 14.4 hivi; ikizidishiwa, maji yake hugeuka hidrojeni na oksijeni, bamba za ndani hubaki wazi, na cheche moja katika chumba kisicho na hewa huweza kulipua gesi hiyo. Kidhibiti chaji, kifaa kikaacho kati ya paneli na betri, huzuia hatari hiyo, lakini mnunuzi mwenye fedha chache hukiona cha ziada.

Maonyo mengi kuhusu betri huishia hapo, na huo ni upungufu, kwa sababu mawingu ya msitu wa Walikale huleta tatizo la kinyume: betri isiyojaa kwa siku nyingi hujengeka sulfeti ndani yake, chumvi ngumu izibayo bamba, kisha hufa ingawa haikuwahi kuchemka. Kidhibiti hakiwezi kuongeza jua lililokosekana. Huko msituni paneli kubwa zaidi, isiyofunikwa na kivuli cha miti, ni ya lazima sawa na kidhibiti chenyewe.