Michezo ya kompyuta: Diski au kupakua, nani anabaki na ufunguo?

Tarehe 31 Machi mwaka 2024, kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilizima seva za mchezo wa mbio za magari uitwao The Crew, ambao ulikuwa ukiuzwa tangu mwezi wa Disemba mwaka 2014. Waliokuwa wameupakua kupitia intaneti hawakuweza kuucheza tena. Kilichowashangaza wengi zaidi ni kwamba hata wale walionunua diski dukani, ikiwa ndani ya kasha lake, walijikuta wameshika kipande cha plastiki kisichofungua kitu. Mchezo huo ulihitaji kuwasiliana na seva kila ulipochezwa, hata mchezaji alipokuwa peke yake chumbani, na seva haikuwapo tena.

Mpenzi msikilizaji, karibu katika makala yetu ya historia. Tunazungumzia leo jambo ambalo huenda likaonekana kuwa la vijana na la kupitisha wakati tu: je, mtu anunue mchezo wa kompyuta ukiwa katika diski, au aupakue? Wauzaji hulieleza swali hilo kwa lugha ya urahisi. Diski huchubuka na kujaza kabati, ilhali kupakua ni kubonyeza na kungoja. Lakini anayeifuatilia historia ya jambo hili ataona kwamba njia inayouleta mchezo nyumbani haina uzito mkubwa. Uzito uko katika kujua ni nani anayebaki na ufunguo baada ya fedha kulipwa.

Michezo ilipopita hewani

Watu wengi hudhani kwamba kupakua programu kulianza na intaneti, kumbe redio ilitangulia.

Mwezi wa Aprili mwaka 1982 kampuni ya Sinclair ya Uingereza ilitoa kompyuta ndogo ya nyumbani iitwayo ZX Spectrum. Ile yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16 iliuzwa kwa pauni 125, na ile ya kilobaiti 48 kwa pauni 175. Michezo yake iliuzwa katika kanda za kaseti, zilezile za muziki, na kinasa sauti cha kawaida kiliunganishwa na kompyuta kwa waya. Programu ilihifadhiwa kama sauti, mlio mkali wa kukwaruza ambao kwa sikio la binadamu hauna maana yoyote. Mchezo mkubwa ulichukua dakika zipatazo tano kuingia, na mara nyingi ulikwama sekunde za mwisho, ikabidi kanda irudishwe mwanzo.

Kwa kuwa programu ilikuwa sauti, haikuchukua muda watangazaji kutambua kwamba wangeweza kuirusha hewani. Nchini Uholanzi kipindi cha Hobbyscoop cha shirika la NOS kilitangaza programu kwa wasikilizaji wenye kompyuta, na kutokana na kazi hiyo ukazaliwa utaratibu wa BASICODE, uliowezesha programu moja kufanya kazi katika kompyuta za aina mbalimbali. BBC Radio 4 nayo iliutumia utaratibu huo mwaka 1984 katika kipindi chake cha The Chip Shop. Nchini Yugoslavia, ambako kuagiza kompyuta kutoka nje kulikuwa kugumu kutokana na vikwazo vya forodha, mtangazaji Zoran Modli wa Radio Beograd 202 alianza mwaka 1983 kurusha programu na michezo katika kipindi chake cha Ventilator 202. Aliwatangazia wasikilizaji waandae vinasa sauti vyao, kisha ule mlio ukafuata. Baadhi ya wasikilizaji waliandika michezo yao wenyewe na kuipeleka kituoni ili irushwe kwa wengine.

Sisi tulio katika kazi hii ya redio hatuna budi kutabasamu kidogo tunapokisoma kisa hiki. Lakini kuna jambo moja la kuangaliwa. Msikilizaji wa Belgrade aliyenasa kanda yake usiku ule alikuwa nayo. Aliweza kumpa jirani nakala, na kituo cha redio hakikuwa na njia ya kumnyang'anya, wala nia hiyo.

Mwaka huohuo wa 1983, huko Marekani, kampuni ya Control Video Corporation ilileta huduma iliyoitwa GameLine. Mwenye mashine ya Atari 2600 aliunganisha kifaa maalumu na waya wa simu, akapakua mchezo, akaucheza kwa idadi ya mara alizolipia, kisha ukakoma. Biashara hiyo haikudumu. Mabaki ya kampuni yake ndiyo yaliyokuja kuwa America Online, iliyowaunganisha Wamarekani wengi na intaneti miaka ya 1990. Hivyo katika mwaka mmoja dunia ilikuwa imekwisha kuona kupakua kwa namna mbili: mali inayobaki kwako, na ukodishaji unaokwisha.

Japani na Marekani ziliendelea kujaribu. Mwaka 1986 Nintendo iliweka katika maduka ya Japani mashine ambamo mtoto alitia diski yake na kuandikiwa mchezo mpya kwa yeni 500. Sega ilisambaza michezo kupitia televisheni ya waya nchini Marekani kuanzia mwaka 1994 hadi 1998, na Nintendo ikatumia setilaiti nchini Japani tangu mwaka 1995 hadi 2000. Tarehe 10 Disemba mwaka 1993 mchezo wa Doom uliwekwa katika kompyuta ya Chuo Kikuu cha Wisconsin ili sehemu yake ya kwanza ichukuliwe bure na yeyote.

Hata hivyo, muongo huo wa 1990 ulikuwa wa diski. Hesabu yenyewe inaeleza sababu. Diski laini ya siku zile ilibeba megabaiti 1.44, sidii moja ilibeba megabaiti 650, yaani zaidi ya mara 400. Kwa modemu ya simu ya kasi ya kilobiti 28.8 kwa sekunde, kupakua shehena hiyo kungechukua takriban saa 50 bila kukatika, na bili ya simu ikihesabiwa kila dakika.

Novemba 2004

Badiliko lenyewe lilikuja kupitia kampuni ya Valve ya jimbo la Washington nchini Marekani. Tarehe 12 Septemba mwaka 2003 Valve ilizindua programu ya Steam, ambayo mwanzoni ilikusudiwa hasa kurekebisha michezo iliyokwisha kuuzwa na kuwazuia walaghai. Mwaka uliofuata, tarehe 16 Novemba 2004, ulitoka mchezo wa Half-Life 2, uliosubiriwa kwa hamu duniani kote. Uliuzwa kwa njia mbili. Mtu aliweza kuupakua kabla ya siku yenyewe, ukiwa umefungwa kwa msimbo, ukafunguliwa saa ya uzinduzi. Au aliweza kwenda dukani na kurudi na kasha lenye sidii tano.

Na hapo ndipo ilipotokea kadhia. Aliyenunua kasha, hata akitia sidii zote tano moja baada ya nyingine, hakuweza kucheza mpaka ajisajili na Steam kupitia intaneti. Siku ile seva zililemewa, na watu waliokuwa na mchezo kamili mikononi wakakaa wakitazama skrini. Wale wasiokuwa na intaneti nyumbani, na mwaka 2004 walikuwa wengi hata Ulaya, hawakuwa na la kufanya. Diski iliendelea kuuzwa kwa sura yake ya zamani, lakini ilikuwa imekuwa chombo cha kubebea mafaili tu.

Nyuma ya pazia palikuwa na ugomvi mwingine. Vivendi, iliyokuwa ikisambaza makasha ya Valve, ilikuwa mahakamani na kampuni hiyo tangu mwaka 2002, chanzo kikiwa haki ya kuviuzia leseni vilabu vya intaneti. Vivendi ilidai kwamba Valve iliificha mipango yake ya Steam walipokuwa wakitia saini mkataba. Mwaka 2005 pande hizo mbili zilipatana na kuachana. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, kesi hiyo isiyokumbukwa sana inaeleza mengi kuliko matangazo yote ya urahisi: msambazaji alikuwa ameng'amua kwamba mteja wake sasa angekuwa mteja wa mwingine, milele.

Muscat na Mombasa

Kwa wasikilizaji wetu wa Afrika Mashariki mambo yalichelewa. Hadi katikati ya mwaka 2009, intaneti ya pwani ile ilitegemea setilaiti, ghali na ya kusuasua. Waya wa baharini wa SEACOM ulipowashwa mwezi wa Julai mwaka huo, Mombasa na Dar es Salaam ziliunganishwa na dunia kwa njia mpya. Kabla ya hapo mchezo ulifika ndani ya mkoba wa msafiri. Wengi wetu tulio ughaibuni tunakumbuka orodha tuliyopewa kwa simu: "Mjomba, ukija usisahau diski." Na wapo waliojifunza kwa uchungu kwamba diski ya PlayStation 2 iliyonunuliwa Marekani haikukubali katika mashine iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya, kwa kuwa kila eneo la dunia lilikuwa na kufuli lake. Mjomba alilipa, akabeba, akatoa zawadi, na mtoto akaambiwa na mashine kwamba diski haisomeki.

Mashine zilizofuata za Sony ziliondoa kufuli hilo katika diski za michezo. Lakini kufuli la eneo lilibaki kwingine, katika akaunti. Mwezi wa Mei mwaka 2024 Sony iliwataka wachezaji wa Helldivers 2 katika kompyuta wajisajili na mtandao wake wa PlayStation. Mtandao huo ulikuwapo rasmi Oman, Falme za Kiarabu, Uingereza na Marekani, lakini Kenya na Tanzania hazikuwamo katika orodha ya nchi zake. Mchezo uliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170, zikiwamo hizo mbili. Malalamiko yalipozidi, Sony iliifuta amri ya kujisajili baada ya siku chache. Itaonekana hapo kwamba ndugu wawili, mmoja Muscat na mwingine Mombasa, hawasimami mahali pamoja mbele ya duka la mtandaoni, ingawa wangeweza kupeana diski mkono kwa mkono.

Suala la kupeana lilikwisha kuzusha mzozo mwaka 2013. Microsoft ilitangaza kwamba mashine yake ya Xbox One ingetakiwa kuwasiliana na seva mara moja kila saa 24, na kwamba kuazimana diski kungewekewa masharti. Sony ilijibu kwa filamu fupi sana, ikionyesha mtu akimpa mwenzake kasha na mwenzake akishukuru. Tarehe 19 Juni Microsoft ilibatilisha uamuzi wake. Ulikuwa ushindi wa wanunuzi, ingawa miaka saba baadaye kampuni zote mbili ziliuza mashine zisizokuwa hata na tundu la diski, nazo zikanunuliwa.

Haki inahitaji pia kusema kwamba diski haikuwa malaika. Michezo mingi ya miaka ya 2000 ililindwa kwa mifumo kama SafeDisc, na Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 iliukataa mfumo huo kwa sababu za usalama. Diski nzima isiyo na mkwaruzo ikagoma. Baadhi ya michezo hiyohiyo inapatikana kwa kupakuliwa kutoka GOG, duka la Poland lililofunguliwa mwaka 2008, ambalo huuza mafaili yasiyo na kufuli. Mnunuzi huyaweka popote atakapo, kama yule msikilizaji wa Belgrade na kanda yake.

Mahakama zimekuwa zikilivuta suala hili huku na huku. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba leseni ya programu iliyopakuliwa inaweza kuuzwa tena na aliyeinunua. Mwaka 2019 mahakama ya Paris iliutumia mwelekeo huo dhidi ya Valve, lakini mahakama ya rufaa ikautengua uamuzi huo mwaka 2022. Jimbo la California lilichukua njia nyingine: tangu tarehe 1 Januari mwaka 2025, sheria yake inamzuia muuzaji kutumia neno "nunua" kwa bidhaa ya kupakua bila kueleza wazi kwamba kinachouzwa ni leseni. Sheria hiyo haimpi mteja umiliki. Inamtaka muuzaji asimdanganye.

Na wale wa The Crew? Mzimo ule ulimfanya Mmarekani Ross Scott aanzishe kampeni ya Stop Killing Games mwezi wa Aprili mwaka 2024, inayodai kwamba mchezo uliouzwa uachwe katika hali ya kuchezeka hata mtengenezaji anapojiondoa. Ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilivuka sahihi milioni moja mwezi wa Julai mwaka 2025. Ubisoft yenyewe ilikuwa imekwisha kuahidi, mwezi wa Septemba mwaka 2024, kwamba The Crew 2 ungewekewa njia ya kuchezwa bila seva, na mwaka 2025 ikaitimiza ahadi hiyo. Mchezo wa kwanza haukuhusishwa.