Kona Iliyokosekana

x² + y² − 6x + 4y − 12 = 0. Ukiuandika mlinganyo huu ubaoni bila maelezo, darasa zima hunyamaza. Hakuna anayeona kwamba hili ni duara. Kuna herufi mbili, namba kadhaa, alama za kujumlisha na kutoa, na mwishoni sifuri. Duara lenyewe liko wapi?

Nafundisha hesabu jioni. Wanafunzi wangu ni watu wazima wanaorudia mtihani wa kidato cha sita kama watahiniwa wa kujitegemea, na kimya hicho nimekizoea. Si kimya cha watu wasiojua duara. Walilijua tangu shule ya msingi, pamoja na kipenyo, nusukipenyo na mzingo wake, tena kwa Kiswahili. Kisha wakaingia kidato cha kwanza, maneno yale yakaachwa nje ya lango, na kila kitu kikapewa jina la Kiingereza. Miaka michache baadaye wanakutana na duara lililovuliwa hata umbo. Kwa hiyo siku ya somo hili sianzi na kanuni. Naanza na Baghdad.

Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha al-jabr katika utawala wa Khalifa al-Ma'mun, kati ya mwaka 813 na 833. Neno aljebra limetoka hapo. Al-jabr ni kurudishia kilichopungua, na Waarabu walilitumia pia kwa kazi ya kuunga mfupa uliovunjika. Sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu mirathi: nani apate fungu gani, wosia ukiwepo iweje. Hakikuandikwa kwa ajili ya kuwatesa wanafunzi.

Hakina x hata moja. Hakina alama ya kujumlisha wala ya usawa. Hata namba zimeandikwa kwa maneno. Kile tunachokiita x, yeye alikiita mzizi. Na x² alikiita *mal*, yaani mali, neno lile lile tunalolitumia tukisema mtu ana mali. Mfano wake maarufu, kwa alama za leo, ni x² + 10x = 39. Kwake ulikuwa ni habari ya mali fulani ambayo ukiiongezea mizizi yake kumi unapata dirham 39.

Siku niliyolieleza hili kwa mara ya kwanza, mama mmoja mwenye duka la dawa, mkubwa kuliko wote darasani, aliweka kalamu chini.

“Mwalimu, kumbe x² ni mali?”

“Ni mali, mama.”

“Na mraba je?”

“Kwa Kiarabu ni *murabba*.”

“Na duara?”

“*Da'ira*.”

Alitikisa kichwa. “Basi haya mambo yalipita nyumbani kwetu kabla ya kufika shuleni,” akasema, na wenzake wakacheka. Mimi sikucheka sana, maana alikuwa amesema jambo la kweli kuhusu lugha yetu.

Utatuzi wa al-Khwarizmi ni mchoro. Chora mraba ambao upande wake hujui. Hiyo ndiyo mali. Mizizi kumi ni mstatili wenye urefu sawa na upande wa mraba na upana wa 10. Ukate katikati upate mistatili miwili yenye upana wa 5. Mmoja ubandike kuliani kwa mraba, wa pili chini yake. Sasa una umbo linalokaribia kuwa mraba mkubwa, ila kona moja imekosekana. Kona hiyo ni 5 kwa 5, yaani 25. Umbo lako lilikuwa 39. Ukijaza kona linakuwa 64. Mraba wa 64 una upande wa 8. Toa 5 ulizobandika, inabaki 3. Hakuna kanuni ya kukariri. Kuna shimo, na shimo linajazwa.

Sasa turudi kwenye mlinganyo wetu. Kusanya vya x pamoja: x² − 6x. Nusu ya 6 ni 3, kona yake ni 9. Kusanya vya y: y² + 4y. Nusu ya 4 ni 2, kona yake ni 4. Ile 12 ipeleke upande wa pili, uiongezee kona zote mbili ulizojaza: 12 + 9 + 4 = 25. Tunapata (x − 3)² + (y + 2)² = 25. (Kwa −6x mchoro unakatwa badala ya kubandikwa, lakini kona ni ile ile.) Na hapo duara linatokea: kati yake ni (3, −2), nusukipenyo ni 5. Mlinganyo unasema tu kwamba kila nukta ya duara iko umbali wa 5 kutoka katikati, na umbali huo umepimwa kwa kanuni ya Pythagoras.

Al-Khwarizmi mwenyewe hakufika hapa. Alijua kupima eneo la duara na ana sura nzima ya vipimo, lakini kuligeuza duara kuwa mlinganyo ilichukua miaka mingine 800. Nikiwaambia wanafunzi hivyo, mabega yao hushuka kidogo. Kama dunia nzima ilihitaji karne nane, wao wanaweza kuhitaji wiki mbili.

Aliyefika ni Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa, ambaye hesabu ilikuwa mapenzi yake nje ya kazi. Katika andiko fupi la Kilatini lililokuwa likisomwa Paris kwa mkono mwaka 1637, alionyesha kwamba mlinganyo wa herufi mbili zisizojulikana huchora mstari. Herufi zake zilikuwa A na E, si x na y. Alitoa mlinganyo wa duara lililo katikati ya mchoro, kisha akatoa ule uliovurugika, wenye vipeo vya pili na vya kwanza vikiwa vimechanganyika kama wa kwetu, akaunyoosha kwa kujaza kona. Andiko hilo halikuchapishwa hadi 1679, miaka 14 baada ya kifo chake. Mwaka huo huo wa 1637 René Descartes alichapisha kitabu chake cha jiometri huko Leiden, na sifa nyingi zikaenda kwake. Leo ukurasa wenye mihimili miwili unaitwa kwa jina la Descartes, ingawa yeye hakuichora mihimili miwili iliyokatana kama tunavyoichora sisi, wala hakutumia namba hasi kuonyesha mahali. Historia ya hesabu imejaa majina yaliyobandikwa mlango usio wao.

Ila anayenishughulisha zaidi si Fermat wala Descartes. Ni mwanafunzi mmoja.

Elisabeth wa Bohemia alizaliwa mwaka 1618. Baba yake alikubali kiti cha ufalme wa Bohemia na kukipoteza vitani mwaka 1620, na familia ikaishia ukimbizini The Hague, Uholanzi. Alikuwa binti wa mfalme asiye na nchi, na kwa kuwa alikuwa mwanamke, chuo kikuu hakikuwa njia yake. Alisoma kwa walimu wa nyumbani na kwa barua. Mwezi Mei 1643 alimwandikia Descartes kumuuliza swali lililomhangaisha mwanafalsafa huyo: kama roho haina mwili, inausukumaje mwili? Baadaye mwaka huo huo, Descartes akampelekea swali la hesabu.

Swali lilikuwa la Apollonius wa Perga, Mgiriki wa zaidi ya miaka 1,800 kabla yao: umepewa maduara matatu, tafuta la nne linaloyagusa yote. Descartes alijuta baada ya kulituma, akamwandikia rafiki yao kwamba huenda limezidi. Kisha akamwandikia Elisabeth mwenyewe ushauri ambao ningependa uwekwe ukutani katika kila darasa: asiogope kuweka vitu kadhaa visivyojulikana kwa pamoja, na asitegemee zaidi ya mambo mawili, yaani pembetatu zinazofanana na kanuni ya Pythagoras.

Lakini Elisabeth alikuwa amekwisha kulishughulikia. Katika jibu lake alikiri kwamba mwenyewe aliona kuna kitu kimepungua katika kazi yake, kwamba haikutosha kutoa kanuni ya jumla. Alikuwa na miaka 24. Descartes alipoiona hesabu yake alifurahi sana, kwa sababu ilifuata njia ile ile aliyoipendekeza kitabuni. Mwaka uliofuata alimtabaruku kitabu chake cha misingi ya falsafa.

Katika barua hizo Descartes alitoa pia kanuni ya hali maalumu, pale maduara matatu yanapogusana yenyewe kwa yenyewe. Darasani naieleza kwa sinia. Chukua sinia la duara lenye nusukipenyo cha sentimita 30. Weka sahani mbili za nusukipenyo cha 15. Zitagusana katikati na kugusa ukingo. Juu yake weka bakuli la nusukipenyo cha 10. Litazigusa sahani zote mbili na ukingo pia. Katikati ya sahani mbili na bakuli panabaki upenyo. Kitu gani cha duara kitaenea hapo bila kucheza?

Gawanya 30 kwa kila nusukipenyo: sahani ni 2 na 2, bakuli ni 3, na kisichojulikana tukiite k. Kanuni inasema: jumla ya namba nne, ukiizidisha kwa yenyewe, ni sawa na mara mbili ya jumla ya vipeo vyake vya pili. Yaani (7 + k)² = 2(17 + k²). Fungua mabano, panga, utapata k² − 14k = 15. Nusu ya 14 ni 7, kona ni 49, na 15 + 49 = 64. Ndiyo, 64 ile ile ya Baghdad. Kwa hiyo k ni 15 au −1. Ukigawanya 30 kwa 15 unapata 2: kifuniko cha chupa chenye nusukipenyo cha sentimita 2 kitakaa pale sawasawa. Na −1? Hapo ndipo darasa hupiga kelele. Ni sinia lenyewe, nusukipenyo 30, linalogusa vyote kwa ndani, na alama ya kutoa inasema kwamba limevizunguka.

Mwaka 1936 mkemia Frederick Soddy, mshindi wa Tuzo ya Nobel, aliigundua upya kanuni hiyo na kuichapisha kwa mashairi katika jarida la *Nature*.

Descartes alifariki Stockholm mwaka 1650. Barua za Elisabeth zilikutwa kwenye makaratasi yake, na aliyezikuta aliomba ruhusa ya kuzionyesha watu. Elisabeth alikataa, akataka arudishiwe. Baadaye alikuwa mkuu wa abasia ya Herford, Ujerumani, hadi kifo chake mwaka 1680. Nakala za barua zake zilikuja kuchapishwa mwaka 1879, na leo zinasomwa na wanafalsafa kwa ajili ya lile swali la roho na mwili. Karatasi aliyofanyia hesabu ya maduara matatu haimo.