Miezi ya Mikono Ufipa

Katika maduka ya mapambo ya mijini siku hizi hakukosekani maua ya bandia yenye rangi za majira ambayo Tanzania haina: majani ya kitambaa ya rangi ya chungwa, kahawia na wekundu wa kutu, yaliyofungwa kwa waya pamoja na alizeti za plastiki. Huko kaskazini ya dunia mapambo hayo huwekwa mezani mavuno yakishaingia ghalani na miti ikianza kupukutisha majani. Ukiyaweka sebuleni Sumbawanga, nje kuna uwanda wa nyasi wa Ufipa ambako miti ni michache, na kwenye miteremko yenye miombo majani hugeuka mekundu Septemba na Oktoba kwa kuchipua, si kwa kufa. Wengi wakiona pambo kama hilo husema kwamba bidhaa za kigeni ndizo zilizoua kazi za mikono za Ufipa. Sikubaliani nao. Historia ya uwanda huu inaonyesha kwamba kilichochukuliwa kwanza kutoka kwa mafundi ni miezi yao ya kiangazi. Bidhaa zilikuja kukalia nafasi iliyokwisha kuachwa wazi.

Kalenda ya Ufipa inaeleza mengi. Mvua hunyesha takriban kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha ulezi na mazao mengine huvunwa, na baada ya hapo huja miezi mikavu yenye baridi kali ya juu uwandani. Zamani hiyo ndiyo ilikuwa miezi ya mikono. Wanaume walichoma mkaa, wakachimba mawe ya chuma na kujenga malungu, zile tanuri za udongo zilizofikia kimo cha mita tatu hivi, ambazo zilivuta hewa zenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri ndogo yenye mivukuto kabla ya mhunzi kukifua kuwa jembe. Mmisionari Wyckaert wa Shirika la White Fathers aliandika juu ya kazi hiyo mwaka 1914. Baadaye wanaakiolojia Bertram Mapunda na Randi Barndon walichunguza mabaki yake, ambayo bado yanaonekana wilayani Nkansi na kwingineko. Jambo linalonigusa katika maelezo hayo ni kwamba ilungu jipya lilitendewa kama bibi harusi, kwa nyimbo na dawa na miiko yake. Watu waliofanya hivyo hawakutenganisha kazi ya lazima na kazi ya uzuri. Anayedhani kwamba mapambo ni anasa iliyoletwa Ufipa na wageni hajaangalia vizuri malungu.

Ufumaji nao ulikuwa na mahali pake. Pamba haikupenda baridi ya uwandani, ikastawi chini katika bonde la Ziwa Rukwa, mamia ya mita chini ya ukingo wa uwanda. Huko wanaume walifuma nguo nzito kwenye vitanda vya mfumi vilivyolazwa chini, nyingine zikiwa na mistari myeusi pembeni, na nguo zikapanda juu wakati majembe yakiteremka. Livingstone alipita Ufipa mwaka 1872, mwaka mmoja kabla ya kufa, na pamba na ufumaji ni miongoni mwa mambo aliyoyaandika katika safari zake za nchi hizi. Sasa tazama tarehe. Wakati huo kitambaa cha amerikani kilikuwa kimeshafika Ziwa Tanganyika kwa misafara ya pwani kwa miaka mingi. Kama nguo ya kigeni pekee ingetosha kuua ufumaji, vitanda vya Rukwa vingenyamaza kabla Livingstone hajafika. Havikunyamaza. Viliendelea hata baada ya karne ya 20 kuanza, vikiwa bega kwa bega na nguo ya dukani.

Kilichobadilika kati ya wakati ule na baadaye ni kodi. Serikali ya Wajerumani ilianzisha kodi ya kibanda mwaka 1897, na Ufipa ikawekwa chini ya boma la Bismarckburg, Kasanga ya leo. Waingereza waliichukua nchi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kodi ikaendelea. Uwanda ulikuwa mbali na reli na mbali na bandari ya bahari, hivyo mazao yake hayakuweza kusafirishwa kwa faida. Kitu pekee ambacho Mfipa angeweza kukiuza ili apate fedha ya kodi kilikuwa nguvu zake mwenyewe. Mwanahistoria Kapepwa Tambila, aliyeandika juu ya mkoa wa Rukwa kati ya 1870 na 1940, ameonyesha jinsi ulivyogeuzwa kuwa chemchemi ya vibarua. Wanaume walikwenda mashamba ya mkonge ya Tanga kama manamba, na baadaye kwenye dhahabu ya Lupa huko Chunya. Hakuna anayeweza kukaa Tanga na wakati huohuo kulisha ilungu Nkansi. Kijana aliyeondoka hakujifunza kwa baba yake, na fundi aliyebaki hakuwa na wa kumchomea mkaa.

Kuna hoja nzito dhidi yangu, nami sitaki kuipita kwa mbio: jembe la kiwandani lilikuwa rahisi zaidi. Ni kweli. Lakini rahisi kwa kipimo gani? Mfua chuma wa zamani hakuhesabu mwezi wa kuchoma mkaa kama hasara, kwa sababu mwezi huo haukuwa na mnunuzi. Kodi ilipoingia, kila siku ya kiangazi ilipata bei ya mshahara, na ghafla jembe lililochukua majuma ya watu wengi likawa ghali. Kabla ya hapo fundi na mnunuzi hawakuwa na haja ya kufanya hesabu hiyo. Kufikia katikati ya karne ya 20 malungu yalikuwa yamezimwa.

Kazi ya mikono ya uzuri ilihamia kwa wanawake na ikaingia ndani ya nyumba. Wamisionari wa White Fathers walipokea kituo cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na masista waliowafuata walifundisha wasichana sindano na uzi. Altare nazo zilihitaji vitambaa na maua. Hata kanuni ya Kanisa, inayozuia kupamba altare kwa maua wakati wa Kwaresima isipokuwa Dominika ya nne, sherehe kuu na sikukuu, iliwazoesha waumini kuyaona maua kama kitu chenye majira yake. Baada ya uhuru, madarasa ya kushona na kudarizi yaliendelea katika vikundi vya wanawake, na UWT, umoja wa wanawake ulioundwa mwaka 1962, ilikuwa miongoni mwa walioyahimiza. Hapo ndipo inapotoka sebule tunayoijua Watanzania: kochi lenye vitambaa vya kufuma, meza yenye kitambaa kilichodariziwa, na ua la karatasi au la kitambaa kilichotiwa wanga, likiwa limefungwa kwenye waya.

Mtu anaweza kusema kwamba ua la waya si mrithi wa kitanda cha mfumi, na ni haki yake. Wafumaji walikuwa wanaume wa bondeni, na mafundisho ya sindano yalitoka Ulaya. Sidai kwamba ufundi ule ulipita kutoka mkono hadi mkono. Nadai kwamba masharti ni yaleyale: kazi hustawi penye siku zisizouzwa. Wanawake ndio waliobaki nyumbani wakati waume zao wakiwa ugenini, na ingawa mzigo wa shamba uliwaelemea, saa zao za jioni hazikuwa na mwajiri. Miaka ya uhaba, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, maduka yalipokuwa matupu, uzi wowote uliopatikana ulithaminiwa. Biashara ilipolegezwa mwaka 1984, bidhaa zilirudi, maua ya plastiki yakiwemo. Hata hivyo vitambaa vya kufuma havikutoweka. Vinaendelea kuuzwa na kutandikwa mpaka leo, kwa sababu mfumaji anaweza kuvifuma huku akilinda duka au akisubiri foleni.

Kwa maua ni vigumu zaidi, na hapo ndipo Ufipa ina nafasi ambayo haijatumika vya kutosha. Vichwa vya ulezi vilivyokauka, vilivyojikunja kama vidole, vina kahawia ambayo hakuna kiwanda kinachoipata sawasawa. Nyasi za uwandani hukaa miaka bila kunyauka zikikatwa kabla ya kupukutisha mbegu. Alizeti hulimwa mkoani, na kikombe chake kikavu kinaweza kutiwa petali za kitambaa. Barabara ya lami kutoka Tunduma sasa inaleta mashada ya plastiki kwa wepesi, lakini inaweza kubeba pia ya ulezi kwenda Mbeya na Dar es Salaam. Waya, gundi na kitambaa si tatizo kubwa: mikopo isiyo na riba ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake inaweza kuvinunua. Ugumu uko katika Juni, Julai na Agosti. Mwanamke wa Nkansi katika miezi hiyo anapukuchua mahindi, anatafuta ada ya shule, anauza gunia kabla bei haijashuka. Kikundi kitakachomlipa kwa kila shada lililokamilika, na kumlipa papo hapo, kitakuwa kinanunua zile siku ambazo kodi ya kibanda iliwahi kuzinyakua kwa waume. Kikundi kitakachompa mafunzo ya siku tatu na cheti hakitapata shada hata moja mwaka unaofuata.